Panya Waliobadilishana Woga

Sogeeni karibu, na wewe uliyeficha simu chini ya dawati, sogea pia. Leo nawasimulia habari za panya, ila paka msimngojee, hayumo. Panya hawa waliishi maabara, katika Chuo Kikuu cha McMaster, mjini Hamilton, nchini Kanada.

Walikuwa wa koo mbili. Ukoo wa kwanza unaitwa BALB/c, wa pili NIH Swiss. Majina hayo msinilaumu mimi, ndivyo wanasayansi walivyowaita. Wote ni weupe pee, macho mekundu, na ukiwachanganya huwezi kuwatofautisha kwa sura. Tofauti yao ni ujasiri. Mweke NIH Swiss juu ya kijukwaa kidogo kilichoinuka: atanusa huku na huku, sharubu zikimcheza, na baada ya sekunde chache keshashuka, anapekua chini. Mweke BALB/c papo hapo: atajikunyata katikati, atajivuta hadi ukingoni, atachungulia, kisha atarudi kinyumenyume. Dakika zinapita na yeye bado yuko juu, tumbo joto.

Ungedhani woga huo ni wa ukoo tu, kazaliwa nao na atakufa nao. Premysl Bercik, Stephen Collins na wenzao walitaka kuhakikisha. Wakatafuta panya wa koo zote mbili wasio na bakteria hata mmoja mwilini, na kuwapata hao si mchezo. Wa mwanzo hutolewa tumboni mwa mama kwa upasuaji, maana wakizaliwa kwa njia ya kawaida watapakwa bakteria wa mama. Hulelewa ndani ya kizimba cha plastiki kilichozibwa kila upande. Hewa inachujwa, chakula na maji vimeuawa vijidudu vyote, na mtunzaji hawagusi ila kwa glavu ndefu zilizoungwa kwenye ukuta wa kizimba chenyewe. Humo huzaana, kizazi baada ya kizazi, matumbo yao yakiwa hayana bakteria.

Hapo ndipo bakteria walipobadilishwa. Panya wa ukoo mwoga wakapewa bakteria kutoka matumbo ya wale shupavu, na wa ukoo shupavu wakapewa wa waoga. Walipopimwa tena, mwoga alianza kutembea na kupekua kuliko ilivyo kawaida ya ukoo wake. Shupavu naye akaanza kusita! Habari hizo zilichapishwa mwaka 2011, na mimi hadi leo nikizisoma hucheka peke yangu.

Lakini tusiishie kucheka. Watafiti walichunguza hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu na hisia. Wakaona kwamba kwa wale waoga waliopewa bakteria wa mashujaa, protini moja iitwayo BDNF ilikuwa imeongezeka. Protini hiyo husaidia seli za ubongo kukua na kuungana. Na protini, kama mlivyofundishwa darasani, hutengenezwa kwa maagizo ya jeni. Je, jeni za panya zilibadilika? Hapana, ni zilezile alizorithi kwa baba na mama.

Fikirieni daftari la nyimbo la kikundi cha taarabu. Kila mwanakikundi ana nakala yake, na nyimbo zote zimo. Ila usiku wa shughuli haziimbwi zote. Nyingine zinaimbwa kwa sauti kubwa, nyingine kidogo, nyingine hazifunguliwi kabisa. Karibu kila seli yako ina daftari zima la jeni, lakini seli ya ini inaimba zake na seli ya jicho zake. Kilichobadilika kwa panya wa Hamilton si daftari, bali nyimbo zinazoombwa ziimbwe.

Nani basi anayepeleka maombi hayo kutoka tumboni hadi kichwani? Mwaka huohuo wa 2011, watafiti wa Cork, Ayalandi, akiwemo John Cryan, waliwanywesha panya wa BALB/c (ndiyo, walewale waoga) maji ya virutubisho yenye Lactobacillus rhamnosus, bakteria wa jamii ya wale wanaogandisha maziwa. Panya hao walipotishwa kidogo, homoni yao ya mfadhaiko haikupanda sana kama ya wenzao. Ndani ya ubongo, jeni za vipokezi vya GABA, kemikali inayotuliza seli za ubongo, zilisomwa zaidi katika sehemu fulani na kupungua katika sehemu nyingine. Kwa panya wengine, watafiti waliukata kwanza mshipa wa fahamu uitwao vagasi, unaoanzia chini ya ubongo ukapita shingoni na kifuani hadi tumboni. Utulivu ule haukuonekana. Bakteria wamo, lakini ujumbe haufiki.

Basi, mtasema, njia ni mshipa huo. Ngojeni kwanza. Kule Hamilton walikuwa wamevuruga bakteria wa panya kwa dawa, woga ukapungua, na hata panya waliokatwa vagasi walibadilika vilevile. Kwa hiyo njia si moja. Nyingine huenda ni damu. Bakteria wakila nyuzinyuzi za maharage, kunde au mtama, ambazo sisi hatuwezi kuzisaga, hutoa kemikali iitwayo butireti. Hii ni chakula cha seli za utumbo mpana, lakini pia huzuia vimeng'enya vinavyofanya jeni zibanwe zisisomeke. Kurasa zilizoshikana zinaachana. Katika utumbo jambo hilo limethibitika. Kiasi gani hufika ubongoni ni swali jingine.

Kuna neno linalozagaa mitandaoni, kwamba serotonini, kemikali ya furaha, karibu yote hutengenezwa tumboni, kwa hiyo furaha inatoka tumboni. Nusu ya kwanza ni kweli: zaidi ya asilimia 90 iko huko. Lakini serotonini ya tumbo haivuki ukuta unaolinda ubongo. Kazi yake kubwa ni kuusukuma utumbo. Ubongo hujitengenezea yake.

Naona mkono umeinuliwa kule nyuma. Kwamba nikinywa mtindi nitaacha kuogopa mtihani? Mtindi kunywa, mwanangu, ni mtamu na una faida zake. Ila wasiwasi unaokunyima usingizi siku nenda rudi, au unaokufanya uikimbie shule, mwambie mama, mwalimu au daktari, usiungojee mtindi uutibu. Watu wa Cork walilijaribu swali lako. Waliwapa wanaume 29 wenye afya bakteria walewale waliowatuliza panya, wiki nne, na wiki nyingine nne wakawapa vidonge vitupu bila wao kujua ni vipi. Hakukuwa na tofauti yoyote, si katika hisia wala katika mfadhaiko. Walichapisha matokeo hayo mwaka 2017, na mimi nawaheshimu kwa hilo kuliko kwa panya wao. Panya wale walikuwa wa ukoo mmoja, waliolelewa kwenye vizimba vinavyofanana, wakila chakula kilekile, nao walikuwa waoga tangu awali. Wanaume wale kila mmoja alikuja na tumbo lake na chakula cha kwao, na hawakuwa na woga wa kupunguzwa.