RAM 4+4 si RAM 8: Simu yako inaongezewa nini hasa?

Anayetafuta simu ya bei nafuu Kirumba, Pasiansi au Buswelu, huku Ilemela mkoani Mwanza, hakosi kukutana na maandishi haya kwenye boksi: "RAM 4+4". Ni rahisi kujumlisha na kusema hiyo ni RAM 8. Hesabu ya shuleni iko sawa, ila kwenye simu mambo hayaendi hivyo. Kabla ya kuongeza hela kwa ajili ya hiyo 4 ya pili, ni vizuri kujua inatoka wapi.

Meza na stoo

Chukulia mama anayeuza dagaa pale Mwaloni Kirumba. Ana meza, ana na stoo. Dagaa walio mezani anawapima hapohapo na mteja anaondoka. Walio stoo lazima wafuatwe kwanza.

RAM ni meza: hapo ndipo WhatsApp, Facebook na kamera zinapofanyia kazi. Zile GB 64 au 128 za kuhifadhia picha na video ndizo stoo.

Sasa ile +4 si meza mpya. Simu inachukua kona ya stoo, GB 4, na kusogeza huko data za programu ambazo hazijaguswa kwa muda. Samsung wanaiita RAM Plus, TECNO wanaiita Memory Fusion. Mtumiaji akirudi kwenye programu hiyo, data zinaletwa tena mezani. Safari hiyo ndiyo inayochelewesha, maana stoo ya simu ni ya polepole sana ukiilinganisha na RAM.

RAM inayoongezwa kweli

Kuongeza RAM halisi mashine ikiwa inafanya kazi kunawezekana, lakini kwenye seva, siyo kwenye simu. Android imejengwa juu ya keneli ya Linux, yaani kiini kinachogawa kazi na kumbukumbu za kifaa. Seva nyingi duniani nazo zinatumia Linux. Ndani ya keneli hiyo kuna msimbo wa kupokea RAM mpya bila kuzima mashine.

Msimbo huo hauingizwi hivihivi. Anayetaka kuubadilisha anatuma kiraka, na wakaguzi wanakisoma mstari kwa mstari. David Hildenbrand amekuwa mmoja wa watunzaji wa sehemu hiyo.

Moja ya mambo wanayopaswa kuangalia ni hili. Linux inagawa RAM katika kurasa, kwa kawaida za kilobaiti 4, na kila ukurasa unaandikiwa taarifa zake kwenye daftari. Kwenye kompyuta za kawaida za biti 64, taarifa hizo ni baiti 64 kwa ukurasa. GB 1 ina kurasa 262,144, kwa hiyo daftari peke yake linakula MB 16.

Lakini seva inaongezewa RAM kwa sababu imeishiwa. Hizo MB 16 zitakaa wapi? Zikikosa nafasi, nyongeza inakwama wakati ambapo inahitajika kuliko wakati wowote. Linux 5.13 ya mwaka 2021 ilileta njia ya kutoka: daftari linaweza kuandikwa kwenye hiyohiyo RAM mpya.

Simu haina bahati hiyo. RAM yake imefungwa kiwandani na hakuna pa kuchomeka nyingine.

Kwa mnunuzi

Nyongeza ya simu si uongo. Inasaidia programu zisifungwe na kuanza upya kila mara. Ila yapo ya kuzingatia:

• Angalia namba ya kwanza. Simu yenye RAM 6 halisi ina meza kubwa kuliko ya 4+4.

• Nyongeza inakula nafasi. Kwenye simu ya GB 32, hizo 4 ni moja ya nane ya stoo yote.

• Stoo ya simu inachakaa taratibu kadiri inavyoandikwa, na kuhamisha data huku na huku ni kuandika pia.

• Simu nyingi zinaruhusu kuizima. Ingia kwenye mipangilio, tafuta sehemu ya RAM, kisha zima na uwashe simu upya.

Dukani, swali ni moja tu: "RAM yake halisi ni ngapi, ukiacha ile ya kuongeza?"