Nusu Saa ya Greda ni Mali ya Umma

Wiki hii nataka tuzungumze juu ya greda. Najua wengi wenu mnaonisikiliza mko hapa mjini Mwanza, na barabara mnazopita kila siku kwenda Kirumba, Igoma au Buhongwa zina lami. Kwenu greda ni lile dude la njano linalochelewesha daladala. Lakini mpunga, mahindi, viazi na nyanya mnazonunua sokoni zimepita kwanza kwenye barabara za udongo na changarawe huko Kwimba, Magu, Misungwi na Sengerema. Barabara hizo zinategemea greda, na greda linategemea nusu saa ya ukaguzi kila asubuhi kabla halijaanza kazi. Hiyo nusu saa ni sehemu ya kazi, na sisi tunaolipia barabara tunapaswa kuidai.

Kwanza tuifahamu mashine yenyewe. Greda ni gari refu lenye bledi, yaani upanga mpana wa chuma, katikati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Bledi hiyo hukwangua udongo, huusukuma pembeni na kuupa mgongo, ili maji ya mvua yateremke mtaroni yasilale barabarani. Kwa kawaida barabara ya changarawe hupewa mteremko wa sentimita 4 hadi 6 kwa kila mita, kutoka katikati kwenda pembeni. Pengine umewahi kuona magurudumu ya mbele ya greda yamelala upande ukadhani yamevunjika. Hayajavunjika. Udongo unapolisukuma greda pembeni, magurudumu hulazwa ili lisiteleze. Ubunifu huo ulianza Marekani mwaka 1885, kazi ya bwana mmoja aitwaye J. D. Adams, wakati greda zilipokuwa zikivutwa na wanyama.

Sasa tuje kwenye ukaguzi. Opereta anayeijua kazi yake huanza kwa kulizunguka greda kabla hajaliwasha. Hutazama chini lilipolala. Doa la oili kwenye mchanga ni barua ambayo mashine imemwandikia usiku. Hupima oili ya injini kwa kijiti chake, hutazama maji ya rejeta yakiwa bado yamepoa, kisha hupima oili ya haidroliki, ambayo ndiyo inayoinua na kugeuza bledi. Mipira ya haidroliki huikagua kwa macho. Hatafuti tundu kwa mkono, kwa maana oili inayotoka kwa shinikizo kubwa hupenya ngozi kama sindano, na mtu aweza kupoteza kidole au mkono mzima. Akishuku uvujaji hutumia kipande cha boksi au ubao.

Halafu hufungua kizibo cha chini cha filta ya dizeli na kumwaga maji yaliyojikusanya. Sisi tunaoishi kando ya ziwa tunaujua unyevu wa hewa ya usiku. Tangi likilala nusu tupu, unyevu huo hugeuka matone ndani yake, na maji yakiingia kwenye pampu ya dizeli gharama yake si ya mchezo. Ndiyo maana opereta mzuri hujaza tangi jioni baada ya kazi, hangoji asubuhi. Filta ya hewa nayo hutazamwa, hasa kuanzia Juni hadi Septemba, vumbi linapokuwa jingi. Injini isiyopata hewa hula dizeli bure na kutoa moshi mweusi.

Nije kwenye bledi yenyewe. Chini yake kumefungwa kwa bolti vipande vya chuma kigumu ambavyo ndivyo makali. Vipande hivi vimetengenezwa vichakae na kubadilishwa. Mwanza ni nchi ya mawe ya matale, na mchanga unaotokana na matale una chembe ngumu zinazokula chuma kama msasa. Kwa hiyo makali huisha upesi kuliko kwenye udongo laini. Yakiachwa yaishe kabisa, bledi yenyewe huanza kuliwa, na hiyo haibadilishwi kwa spana na bolti chache. Makali yaliyolika katikati hayawezi kulinyoosha tuta, na duara linalogeuza bledi likilegea kwa kukosa grisi na marekebisho, bledi hurukaruka. Barabara hutoka na mikunjo kama bati. Kilometa zitakuwa zimehesabiwa, na fedha zitakuwa zimetumika, lakini gari la kwanza litakalopita litaanza kutikisika.

Baada ya hapo hupigwa grisi kwenye viungo vyote, hukazwa nati za magurudumu na kutazamwa matairi. Pini ya kufungia kiungo cha katikati huondolewa mahali pa kufungia kabla ya kuondoka. Breki, taa na honi hujaribiwa. Injini huachwa ipate joto kidogo kabla ya kazi, na jioni huachwa iungurume taratibu dakika chache kabla ya kuzimwa. Bledi huteremshwa hadi ardhini, wala haiachwi ikining'inia.

Pengine utauliza, kwani greda likisimama siku nne kuna hasara gani? Hasara iko kwenye udongo. Udongo mkavu ukikwanguliwa huwa vumbi na haushikani. Udongo uliolowa sana huwa tope, na kwenye mbuga zetu nyeusi za Usukumani hata greda lenyewe huzama. Kati ya ukavu na tope kuna siku chache ambazo udongo una unyevu wa kutosha kukwanguliwa na kushindiliwa ukakaa. Greda likiharibika siku hizo, barabara hungoja msimu mwingine. Mvua zikishika, lori halipiti, nyanya zinaozea kijijini, na mama mjamzito anabebwa kwa baiskeli.

Nimepata kusimama kando ya barabara moja ya kijijini ambako greda lilikuwa limelala kwa sababu ya mpira mmoja wa haidroliki. Opereta alisema aliuona ukitoa machozi tangu mwanzo wa wiki, akaambiwa amalize kwanza kilometa zilizobaki. Mpira ulipopasuka, oili yote ilimwagika, na pampu ikafanya kazi bila oili hadi nayo ikaharibika. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mwezi Juni 2025 tulishangilia kufunguliwa kwa daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilometa 3 juu ya ziwa. Tulikuwa na haki ya kushangilia. Hata hivyo, lori linaloteremka darajani upande wa Sengerema na kukata kona kuingia kijijini linakutana tena na kazi ya greda. Ukaguzi wa asubuhi hauna utepe wa kukatwa, kwa hiyo hauna wa kuusifia.

Fedha za kazi hiyo ni zetu. Kila lita ya petroli au dizeli ina tozo inayokwenda kwenye Mfuko wa Barabara, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 1998. Barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS tangu mwaka 2000, na zile za wilaya ziko chini ya TARURA tangu 2017. Mara nyingi kazi hupewa makandarasi. Basi, diwani wako atakaposema barabara imechongwa, usiulize kilometa peke yake. Uliza kama greda lina daftari la ukaguzi wa kila siku, nani analitia sahihi, na kama opereta anayo mamlaka ya kukataa kuondoka anapoona kasoro. Opereta asiye na mamlaka hayo anajaza daftari kwa kuwaridhisha wakubwa, na greda halidanganyiki kwa sahihi.