Kimya Nacho ni Muziki

Juma hili nina deni la kulipa, na lina umri wa miaka ishirini na ushei.

Wakati huo ndiyo kwanza nimetoka chuoni na stashahada yangu ya uandishi wa habari, nikapewa zamu ya usiku studioni. Kipindi kiliisha mapema, zikabaki kama dakika mbili kabla ya taarifa ya habari. Nikaziba pengo kwa sidii ya piano iliyokuwa mezani. Muziki ukaenda, ukafifia, ukanyamaza. Nikadhani umekwisha, nikapisha habari.

Baadaye simu ikalia. "Shikamoo mzee." "Marahaba. Mwanangu, mbona umemkata mtu kauli? Alikuwa hajamaliza." Nikamjibu kwa ufupi kwamba muziki ule hauna maneno, nikaweka simu chini. Kwa hiyo usiku ule niliwakata kauli watu wawili.

Mtu wa kwanza alikuwa Frédéric Chopin, mzaliwa wa Poland mwaka 1810. Kipande chenyewe ni cha nne katika vile 24 viitwavyo Prelude, Opus 28, vilivyochapishwa mwaka 1839. Sehemu yake alivishughulikia katika kisiwa cha Majorca, akiwa mgonjwa wa kifua. Hiki cha nne ni kifupi: kina baa 25 tu, yaani mafungu 25 ya mapigo.

Wengi huniambia, "Huo muziki wa Wazungu hatuuelewi." Mimi nasema tunauelewa, ila hatujaufungua. Muziki wowote, uwe taarabu, dansi au kwaya, una viungo vilevile, kama mchuzi. Tuvionje kimoja kimoja.

Kwanza ni mapigo. Sikiliza mkono wa kushoto: unagonga mara nane katika karibu kila baa, sawasawa, kama mtu anayetembea bila haraka. Chopin aliandika juu yake neno Largo, maana yake polepole sana.

Pili ni sauti ya wimbo, na hii ni kazi ya mkono wa kulia. Walioimba kwaya kwa do-re-mi wataitambua mara moja: ni mi, halafu fa, kisha mi tena, halafu fa. Sauti mbili jirani, zinarudiwa na kurudiwa, kama mfiwa anayetaja neno moja kwa kukosa la pili. Kisha sauti hiyo inashuka ngazi, na huko chini inarudia mtindo uleule.

Tatu ni upatanifu wa sauti, na hapa ndipo penye utamu wote. Mwanakwaya anajua kwamba sauti ya kwanza ikishikilia noti yake huku besi ikihama, noti ileile hupata ladha mpya. Chopin anafanya hivyo hivyo. Mkono wa kushoto unabonyeza noti tatu kwa pamoja, na mara nyingi moja tu ndiyo inayoteleza nusu hatua kwenda chini, nyingine zikisubiri zamu yao. Juu wimbo haujabadilika sana, lakini ardhi chini yake inadidimia. Huzuni unayoisikia inatoka hapo, haihitaji maneno.

Nne ni nguvu ya sauti. Kipande kinaanza kwa upole, na karibu na baa ya 17 kinapanda ghafla na kuharakisha, kama kilio kilichozuiliwa kikaponyoka. Halafu kinaishiwa nguvu.

Tano ni umbo, yaani jinsi kitu kilivyojengwa. Kipande hiki kina nusu mbili. Ya kwanza ina baa 12, na inakoma bila kufika mwisho wa safari. Ya pili inaanza upya kwa maneno yaleyale, ndiyo inayofika kwenye kile kilio, kisha inatulia juu ya sauti ambazo bado hazijafika nyumbani. Hapo Chopin ameweka kimya, na juu ya kimya hicho alama ya kumwambia mpigaji: subiri kadiri utakavyoona inafaa. Baada ya kimya, sauti tatu nzito na za chini zinapigwa taratibu, na ya mwisho inatua nyumbani.

Mimi nilikata kwenye kile kimya. Niliwanyima watu nyumbani.

Chopin alifariki Paris tarehe 17 Oktoba 1849, akiwa na miaka 39. Kwenye mazishi yake, katika kanisa la Madeleine, kipande hikihiki kilipigwa kwa kinanda kikubwa cha kanisani. Kwa hiyo anayeuita muziki wa msiba hajakosea sana, ila asiishie hapo. Ausikilize mara tano, kila mara akifuata kiungo kimoja tu. Zoezi zima ni dakika kumi hivi.

Mzee wangu, kama ungali hai na redio yako iko wazi, niwie radhi. Ulisema kweli, alikuwa hajamaliza. Leo nimekipiga chote, na kwenye kile kimya nimeuweka mkono wangu mfukoni.

Hadi juma lijalo, kwa heri.