Ufa wa Manifoldi: Tutafute Chanzo

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa wa manifoldi, kile chuma kinachokusanya moshi wa injini na kuupeleka kwenye tabo, kuuziba peke yake hakutoshi. Gari lipandapo milima ya Muhuta kutoka ufukwe wa Ziwa Tanganyika, chuma hicho hupata joto kali kikatanuka, kipoapo hunywea.

Kikipasuka tena baada ya kuchomelewa, tunawashauri mafundi wachunguze: je, kishikizo kinachobeba uzito wa tabo kimelegea? Uso wa manifoldi umepinda? Bolti zimekazwa mno, hata chuma kikakosa nafasi ya kutanuka?

Tusipuuze jambo hili. Moshi unaovuja hupunguza nguvu za gari, na ukiingia ndani huweza kuua abiria.