Je, Wajua? Mnyoo wa Mboji Hupumua kwa Ngozi

Mnyoo mwekundu wa mboji hana mapafu. Oksijeni humwingia kupitia ngozi, nayo ngozi hiyo haipitishi hewa mpaka iwe na unyevu. Ikikauka, anakosa pumzi ingawa hewa imemzunguka pande zote. Kwa hiyo anayeanza kufuga minyoo kwenye pipa uani hulinda jambo moja tu, pumzi ya mnyoo, ingawa mikononi mwake linaonekana kama mawili: maji na joto.

Jina lake la kitaalamu ni Eisenia fetida. Si nyungunyungu anayechimba chini kabisa shambani. Huyu huishi juu juu, ndani ya samadi na majani yanayooza. Pipa lenye kina cha sentimita 30 linamtosha.

Malazi yake, yaani katoni zilizochanwa, nyuzi za makumbi au majani makavu ya mgomba, yanafaa yakiwa na maji kiasi cha asilimia 70 hadi 80 ya uzito wake. Huhitaji kifaa. Shika konzi moja, kamua. Yakitoka matone mawili matatu, vema. Yakichuruzika, yamezidi. Lisipotoka hata tone, nyunyizia. Sisimizi wakihamia, ujue pamekauka.

Wageni wa kazi hii huua minyoo kwa maji mengi kuliko kwa ukame, tena kwa huruma: wanamwagilia kila siku kana kwamba ni mchicha, wakati maganda ya tikiti na mboga tayari yamejaa maji. Ajabu ni kwamba maji yenyewe hayamwui. Kwenye maji yenye oksijeni anaweza kuishi siku kadhaa. Tatizo ni kwamba maji huziba nafasi zilizokuwa zikipitisha hewa, na bakteria humaliza oksijeni iliyobaki. Wasiohitaji hewa huchukua nafasi, harufu ya mayai viza ikaanza, na minyoo wakapanda ukutani kutafuta pa kutokea. Toboa tundu chini, changanya katoni kavu, funika mvua isiingie.

Joto analolipenda ni nyuzi 15 hadi 25. Likipita 30 anataabika. Kwenye 35 hufa. Pima ndani ya pipa, si uani, kwa sababu bakteria nao huzalisha joto: lundo la samadi mbichi au nyasi mbichi laweza kupita nyuzi 50. Basi lisha kidogo, upande mmoja, ule mwingine ubaki kimbilio. Kumbuka pia kwamba maji ya moto hushika oksijeni kidogo, wakati joto hilo hilo linawafanya minyoo na bakteria waihitaji zaidi. Ndiyo sababu pipa lililolowa huua haraka Dar es Salaam mwezi Januari. Liweke chini ya mwembe, ufunike malazi kwa gunia bichi la katani. Maji yanapokauka kwenye gunia huondoka na joto.

Makete, penye sakitu, mambo hugeuka. Hapo malazi huongezwa unene, na samadi mbichi kidogo pembeni inakuwa msaada.

Na minyoo wote wakifa, usikimbilie kumwaga. Vifuko vya mayai, vidogo kuliko punje ya mchele, hustahimili ukavu na baridi kuliko wazazi. Rudisha unyevu, subiri wiki tatu nne, kisha chungulia: kifuko kimoja hutoa watoto wawili au watatu, weupe, wembamba kama uzi.