Noeli ya Kituku huhesabiwa kwa mwezi

Katika kibanda cha mama mmoja muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, hapa Kituku, kwenye pwani ya Goma, imetundikwa kalenda ya parokia yenye rangi za liturujia: zambarau ya Majilio, nyeupe ya Noeli. Juu ya rangi hizo mwenye kibanda amechora alama zake kwa kaa la moto, duara kwenye siku fulani, mistari mifupi kwenye siku nyingine. Hazilingani na sikukuu ya mtakatifu yeyote. Zilinisumbua mpaka nikamwuliza.

“Hiyo ndiyo Noeli yangu,” alinijibu bila kuacha kugeuza samaki juani. “Sambaza hapendi mwezi. Mwezi ukiwa mkubwa, baba watoto analala nyumbani, ekipe nzima inalala, na mimi sina cha kuanika. Mtu wa ziwa akingoja Desemba ifike ndipo afikirie sikukuu, mwanangu, amechelewa.”

Atakayekaa ufukweni hapa jioni ya giza ataelewa. Wavuvi wa Ziwa Kivu hutoka na mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu, wavu ukiwa katikati, wakipiga makasia kwa kufuatisha nyimbo. Mbali na pwani huwasha taa zao juu ya maji. Sambaza, ambaye mchana kutwa hujificha kilindini, usiku hupanda kufuata vijidudu anavyokula, akaona mwanga, akakusanyika chini yake, na wavu ukainuliwa. Lakini mwezi ukijaa, ziwa zima linang’aa na taa inakosa mvuto. Ndipo wengi wanabaki pwani wakishona nyavu. Samaki huyu mwenyewe ni mgeni: aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika kati ya 1958 na 1960, na leo ni vigumu kuiwazia meza ya Goma bila yeye.

Noeli nayo haihami tarehe 25, mwezi unahama. Mwaka 2015 ulijaa siku yenyewe ya Noeli. Mwaka 2023 ulijaa usiku wa kuamkia tarehe 27, na mama huyu anaikumbuka Desemba hiyo kwa sahani zilizokuwa nyepesi. Mwaka 2025 giza liliangukia tarehe 20, pazuri kabisa. Mwaka 2026 mwezi utajaa tarehe 24 Desemba, siku ya kesha. Duara la siku hiyo analo kichwani tayari, kabla hajapata kalenda ya kulichora.

Kwa hiyo sikukuu inaanza Oktoba. Usiku wa giza ukileta samaki, sehemu huanikwa na kuwekwa, na sehemu ya fedha huingia likelemba, mchango wa kupokezana kwa zamu. Benki za Goma zilipofunga milango Januari 2025, mji ulipoangukia mikononi mwa waasi wa M23, likelemba ya kina mama iliendelea kuzunguka. Zamu yake anaiomba iangukie karibu na Noeli: mchele, mafuta, nyama ya mbuzi ikiwezekana, na nguo mpya za watoto. Mjini humu kila mzazi anajua aibu ya mtoto anayeamka tarehe 25 akiwa na nguo ya jana.

Kilichonivuta zaidi ni kile kinachofanyika kabla ya nguo. Jumapili ya kwanza ya Majilio, kila mtoto wa nyumba hii hupewa fungu la sambaza kavu achague nyumba ya kulipeleka. Mama hamwelekezi wala hamkatazi, na sababu haiulizwi siku hiyo. Usiku wa kuamkia Bonane, yaani mwaka mpya, familia ikiwa imekaa pamoja, ndipo kila mmoja anaeleza alikwenda kwa nani na kwa nini.

“Katekisimu mtoto anaikariri kama jedwali la kuzidisha,” aliniambia. “Sawa, ni vizuri aikariri. Lakini mimi naangalia nyumba anayoichagua.”

Kifungua mimba wake, alipokuwa na miaka saba, alichagua nyumba yenye televisheni. Mwaka uliofuata akachagua ya rafiki yake. Alipofika kumi na nne, akabeba fungu lake hadi kwa mzee aliyekuwa amekosana na baba yake kwa sababu ya wavu. Baba alikasirika. Wiki nzima hakutaka kulizungumzia jambo hilo, na mpaka leo hajaenda mwenyewe kwa mzee huyo. “Imani ya mtoto ilipita ya baba,” mama alisema, kisha akajirekebisha: “Siku ile ilipita. Kesho sijui.” Nimesikiliza mahubiri mengi juu ya kukua katika imani. Sikumbuki kipimo kilichonigusa kuliko hiki.

Kisha ikaja tarehe 3 Oktoba 2024. Barabara kati ya Minova na Goma ilikuwa imekatwa na vita na watu wakavuka kwa maji. Mashua iitwayo Merdi, iliyojaa kupita kiasi, ilipinduka ikiwa karibu kufika Kituku, mbele ya macho ya watu waliokuwa pwani. Makumi walikufa, na wengine miili yao haikuonekana. Majilio ya mwaka huo kitinda mimba wake alipeleka fungu katika nyumba ambayo mama yake hakurudi. Usiku wa kuamkia Bonane alieleza alikokwenda, halafu akauliza: wale wa mashuani, hawakusali?

Mama hakumjibu. Swali hilo alilipeleka shirikani, yaani katika jumuiya ndogo ya waumini, na wanashirika wakalijadili hadi taa ikaisha mafuta. Mmoja alizungumzia mapenzi ya Mungu, mwingine akasema mapenzi ya Mungu hayapakii watu kupita uwezo wa mashua. Mtu akamtaja Floribert Bwana Chui, kijana wa Goma aliyeuawa mwaka 2007 akiwa na miaka 26 kwa kukataa kupitisha mpakani mchele ulioharibika, na ambaye alitangazwa mwenye heri mjini Roma tarehe 15 Juni 2025. Yeye alisali, na aliuawa. Mama anasema jina hilo lilimsaidia kidogo, kwa sababu kila apikapo mchele wa Noeli sasa anafikiri juu ya yule aliyekataa. Mtoto bado hajajibiwa. Ameuliza tena.

Nilimwuliza mama kama yeye mwenyewe hajawahi kutaka kuacha desturi hii, hasa mwaka ambao mwezi ni mbaya na mafungu ni membamba. Alisema mwaka wa namna hiyo ndio watoto huchagua kwa uangalifu zaidi. Lakini lipo jambo analolitaka kuliko yote, na aliniomba niliandike.

Desemba mashua hujaa watu wanaorudi kula sikukuu na jamaa zao, Idjwi, Minova, Kalehe. Anaomba parokia na makanisa yote ya Goma, katika matangazo ya Jumapili za Majilio, yaseme wazi: usipande mashua iliyokwisha kujaa, usimvushe mtoto bila jaketi la kuokolea. Nami naongeza ombi kwa wenye mashua: wahesabuni watu kabla ya kuondoka, na anayezidi ashuke.