Mtoto Yuko Akiba: Namna Safari za Wahudumu wa Ndege Zinavyogawanywa

Kila mwaka jamaa wanapokaa kupanga arusi, hitima au safari ya kwenda nyumbani, lipo swali moja ambalo huleta maneno katika nyumba zetu hapa Lusail na Doha. Huulizwa kijana afanyaye kazi katika ndege: "Utakuwapo?" Naye hujibu: "Sijui bado, mwezi huo niko akiba." Wazee hawalipendi jibu hilo. Shangazi husema mtoto amepata kazi ya ndege na sasa anajiona. Mjomba huuliza ni kazi gani hiyo isiyoijua kesho yake. Mama naye hubaki katikati, hajui amtetee mwanawe au awatake radhi wakubwa.

Ndugu wasomaji, jibu hilo si la dharau, na wala si njia ya kukwepa jamaa. Ni kweli tupu. Makala haya yanaeleza akiba ni nini, safari hugawanywa vipi, na sisi tulio nyumbani tufanye nini ili vijana wetu wasikose kila jambo la ukoo.

Akiba maana yake nini?

Sote tunamjua mchezaji wa akiba katika kandanda. Tarehe 18 Desemba 2022, katika uwanja wetu huu wa Lusail, Argentina na Ufaransa zilicheza fainali ya Kombe la Dunia. Penalti ya mwisho iliyowapa Argentina kombe ilipigwa na Gonzalo Montiel, ambaye hakuanza mchezo bali aliingia kama mchezaji wa akiba. Angalikuwa amekwenda zake kunywa kahawa, mwalimu wake angalifanya nini?

Mhudumu wa akiba ni kama huyo. Hana safari iliyoandikwa jina lake, lakini ana siku ambazo lazima awe tayari. Tofauti ni kwamba mchezaji hukaa kando ya uwanja akiuona mchezo, na huyu hukaa chumbani, sare imepigwa pasi, sanduku limefungwa, simu mkononi, bila kujua kama ataitwa kwenda London, Nairobi au kokote kule, au kama hataitwa kabisa.

Akiba yenyewe ina namna zake. Ipo ya muda mrefu, ambapo mtu hupewa taarifa mapema, pengine nusu siku kabla ya safari. Ipo ya muda mfupi, ambapo simu ikilia ana muda wa saa mbili au tatu tu kuwa kazini. Na ipo ile ya kukaa kiwanjani penyewe, amevaa sare, akingoja. Vijana huiita standbai. Aliye katika akiba ya muda mfupi hawezi kwenda mbali hata kama hana kazi ya kufanya. Lusail iko kaskazini mwa Doha, na kiwanja cha Hamad kiko upande wa kusini-mashariki, baharini. Treni ya Njia Nyekundu inatoka huku na kufika kiwanjani, lakini usiku wa manane treni zimelala. Basi binti anayekaa katika nyumba za wafanyakazi mjini akikataa kuja kula chakula cha usiku Lusail, msiseme ametukimbia. Huenda anahesabu dakika.

Kwa nini ndege isiondoke bila yeye?

Wengine hudhani wahudumu ni watu wa kugawa chai tu, kwamba akipungua mmoja wenzake watagawa. Sivyo. Kazi yao ya kwanza ni usalama: kufungua milango, kuwatoa watu ndani ya ndege yenye moto, kumsaidia aliyezimia. Mwanamke wa kwanza kuifanya kazi hii, Ellen Church, aliyeruka Marekani tarehe 15 Mei 1930, alikuwa nesi.

Kwa hiyo sheria huweka idadi. Marekani na Ulaya hutakiwa mhudumu mmoja kwa kila viti 50, na hesabu hupandishwa juu. Chukua ndege ya Boeing 787-8 yenye viti 254. Gawanya kwa 50 utapata tano na kidogo. Hicho kidogo kinadai mtu wa sita. Idadi ikipungua, ndege haiwezi kuondoka na abiria wote kama kwamba hakuna lililotokea.

Tena kuna sheria ya saa. Mhudumu si mashine. Ulaya haruhusiwi kuruka zaidi ya saa 100 katika siku 28, wala zaidi ya saa 900 katika mwaka. Marekani, kwa kanuni iliyotolewa mwaka 2022, lazima apate mapumziko ya saa 10 baina ya kazi na kazi. Kila nchi ina kanuni zake, lakini wazo ni moja. Ndege ikichelewa sana, wahudumu wake humaliza saa zao kabla hata ya kuruka, na lazima wengine waitwe.

Hapa Qatar tumeyaona hayo kwa macho. Juni 2017 Saudia, Falme za Kiarabu, Bahrain na Misri zilipokata uhusiano na kuzifungia ndege za Qatar anga zao, njia zilibadilika mara moja, na hali hiyo ilidumu hadi Januari 2021. Na jioni ya tarehe 23 Juni 2025, anga la Qatar lilipofungwa kwa saa kadhaa kwa sababu ya makombora ya Iran, ndege zilizokuwa njiani kuja Doha zilielekezwa viwanja vingine. Siku kama hizo mpango wote wa mwezi huvurugika, na kinachookoa ni akiba.

Safari hugawanywa vipi?

Wazee wetu wanaikumbuka East African Airways, iliyoanzishwa mwaka 1946 na kufa mwaka 1977, kila nchi ikashika njia yake. Wanaikumbuka pia Gulf Air, ambayo Qatar ilikuwa mmoja wa wenyewe tangu mwaka 1974 mpaka ilipojitoa mwaka 2002, baada ya kuwa na Qatar Airways yake iliyoanza kuruka mwaka 1994. Zamani kazi ya kugawa safari ilikuwa ya karani mwenye kalamu na daftari. Leo ni kazi ya kompyuta, ila hatua zake si ngumu kuzifahamu.

Kwanza, kampuni hupanga safari zote za mwezi ujao. Pili, wahudumu hupewa siku chache za kupeleka maombi: huyu anataka Ijumaa awe nyumbani, yule anataka safari ndefu, mwingine anaomba Zanzibar amwone mama yake. Tatu, kompyuta hugawa ikitazama sheria, mahitaji ya kampuni, kisha maombi. Nne, ratiba hutangazwa, na wale waliokosa safari, au waliopangiwa zamu hiyo, huandikiwa siku za akiba. Hata hao, katika makampuni mengi, wanaweza kusema wanapendelea siku zipi za mapumziko, zamu ya alfajiri au ya usiku, na mji upi ikiwa safari itatokea. Asiyekuwapo na lake halipo: asiyepeleka ombi hupewa kilichobaki.

Swali kubwa ni nani atangulie, na duniani kuna njia tatu. Ya kwanza ni ukongwe. Hii ndiyo desturi ya Marekani: aliyeajiriwa mapema huchagua kwanza, hata kama amemtangulia mwenzake kwa siku moja. Wageni kazini ndio wanaojaza akiba, na wengine huikaa kwa miaka. Njia ya pili ni ya zamu: wahudumu hugawanywa mafungu, fungu lililo la kwanza mwezi huu huwa la mwisho mwezi mwingine, na akiba humfikia kila mtu kwa wakati wake. Njia ya tatu ni ya kusawazisha: kompyuta hukumbuka nani alipata ombi lake mwezi uliopita na nani alikosa, ili mwezi huu aliyekosa asogezwe mbele.

Kila njia ina wanaoisifu na wanaoilalamikia. Kwa ukongwe, mtu anajua mahali pake na hakuna wa kumwonea, lakini kijana mwenye mtoto mchanga huteseka. Kwa zamu, wote wanaonja chungu na tamu, lakini mtumishi wa miaka 15 hulala na simu kama mgeni wa jana.

Mfano wa safari ya Dar es Salaam

Tutumie mfano wa kubuni. Mhudumu mmoja ameugua, na safari ya siku mbili ya Dar es Salaam imebaki wazi. Wapo watu wanne wa akiba. Wa kwanza ana siku tano za akiba mbele yake, na ameomba Dar kwa sababu bibi yake yuko Temeke na hali yake si nzuri. Wa pili ana siku mbili, na hakuomba chochote. Wa tatu ana siku mbili pia, lakini amerudi jana usiku na hajamaliza mapumziko yake. Wa nne amebakiwa na siku moja tu.

Wa tatu sheria imemkataza. Wa nne siku hazimtoshi. Amebaki wa kwanza na wa pili. Kila mtu mwenye huruma angempa wa kwanza. Lakini katika makampuni yanayolinganisha siku na safari, safari ya siku mbili hupewa mwenye siku mbili, na mwenye siku tano hutunzwa, kwa kuwa huenda kesho ikatokea safari ndefu ambayo hakuna mwingine wa kuiweza. Anakwenda wa pili, ambaye Dar hana hata jirani. Katika kampuni nyingine inayotanguliza maombi, angekwenda wa kwanza. Watu ni wale wale, na kanuni ndiyo iliyobadili jibu.

Habari ikifika Temeke, husemwa: "Kuna upendeleo huko." Na hapa lugha yetu inatuponza, maana neno upendeleo linabeba mambo mawili: kile ninachokipenda, na kumpendelea mtu bila haki. Mpango huu wa maombi uliwekwa ili lile la kwanza lisikilizwe na la pili lizuiwe. Mtoto akikosa safari, mara nyingi hakuna aliyemwonea. Siku, saa na mapumziko havikukutana.

Sisi nyumbani tufanye nini?

Kwanza, tutaje tarehe mapema. Maombi hufungwa kabla ya mwezi wenyewe kuanza, pengine wiki kadhaa. Mweleze kijana siku ya arusi mnapoanza kuijadili, msingoje kadi zichapishwe. Kwa jambo kubwa, kama arusi ya ndugu wa tumbo moja, aombe likizo ya mwaka badala ya kutegemea bahati ya akiba.

Pili, tusimwambie asingizie ugonjwa. Wengi wetu tulikuja Ghuba kwa kazi, na ukaazi wa mgeni umefungamana na ajira yake. Uongo wa siku moja wa kuhudhuria kesha la hina unaweza kumgharimu kazi ambayo inasomesha wadogo zake.

Tatu, tuheshimu usingizi wake. Saa ya Doha ni sawa na ya Mombasa, Dar na Kampala, na hilo hutudanganya: tunapiga simu saa tano asubuhi tukidhani yuko macho, kumbe alirudi alfajiri na jioni anaweza kuitwa tena.

Nne, tusipange jambo lolote juu ya tikiti za wafanyakazi. Tikiti hizo za bei nafuu kwa jamaa mara nyingi ni za kungoja kiti kibaki; nayo miezi ya likizo na siku za Idi viti havibaki. Mzee asiachwe kiwanjani na mizigo yake kwa sababu ya kubana fedha.

Tano, na hili ndilo zito, ni habari za msiba. Tunayo desturi ya kumficha aliye mbali mpaka afike. Kwa mtoto aliye akiba desturi hiyo ina madhara. Kwetu maziko hayachelewi. Akifichwa, ataitwa, atakwenda safari ya siku nne, na atakaporudi kaburi limekwisha kumwagiwa maji. Lakini akiambiwa kabla hajaripoti, anaweza kuieleza ofisi ya zamu, nao wana mtu mwingine wa akiba wa kuchukua nafasi yake. Akishapanda ndege, hakuna wa kumshusha. Basi mkubwa mmoja wa familia apewe jukumu la kumpigia, aseme kweli kwa upole, kisha amwachie aongee na ofisi yake.

Kwa vijana wenyewe nao tuna neno. "Sijui" peke yake ni jibu baridi kwa mzee. Mwambie shangazi ratiba inatoka tarehe gani, na kwamba siku hiyo utampigia. Kisha umpigie kweli, hata kama habari ni mbaya.

Wanaopanga arusi za mwaka ujao wakae na wazazi wa vijana hawa mapema na kuzilinganisha tarehe na siku za maombi. Wengine watapata, wengine watakosa. Atakayekosa atumiwe sahani yake ya pilau, na asitafutiwe kosa.